Goti la Mke Mwenzangu

Kibondo,
Novemba, 2024

Kwa dada yangu mpendwa Akimana,

Amahoro, dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji na watoto, na kwamba mvua zimewafikia huko Makamba kama zilivyotufikia sisi huku. Mimi ni mzima wa mwili. Kile kikohozi cha mwaka jana kimekwisha, na biashara ya mawese inakwenda, polepole lakini inakwenda. Mama anaendeleaje na macho? Nsabimana ameniambia kwamba siku hizi anamtambua mtu kwa sauti tu. Nisalimie, na umshike mkono wakati unampa salamu zangu, maana najua anapenda kushikwa.

Barua hii atakuletea huyo huyo Nsabimana. Usishangae kuiona nene. Mambo yenyewe hayasemeki kwa simu, hasa simu ambayo shemeji huiweka spika ili nyumba nzima isikie. Nimeandika kwa Kiswahili kama tulivyozoea kuandikiana tangu enzi za kambi ya wakimbizi ya Mtabila, na pia kwa sababu najua shemeji hakisomi vizuri. Ukimaliza, fanya nayo upendavyo.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini tangu masika nilikuwa sipatikani Kibondo, nami nikawa nakujibu kwamba niko Kasulu kwa kazi. Sikukudanganya. Nilikuwa Kasulu, na kazi ilikuwepo. Kazi yenyewe ilikuwa goti la Josepha.

Ndiyo, Josepha yule yule unayemfikiria, mke mkubwa wa marehemu mume wangu Benedicto, mukeba wangu. Nakuomba usiitupe barua hapo. Nisome mpaka mwisho.

Wewe hukuwepo kwenye msiba, na mimi sikuwahi kukueleza vizuri, nilikwambia tu kwamba tulimzika salama. Siku ile nilikaa na wanawake wa jirani, nyuma ya maturubai, Tharsisi pembeni yangu na Winifrida mapajani. Bazilio, mdogo wa marehemu, alisimama kusoma wasifu. Akasoma alizaliwa wapi, alisoma wapi, alianzaje kununua maharage vijijini na kuyauza mjini. Kisha akasoma kwamba marehemu ameacha mjane mmoja na watoto wanne. Wanne ni wa Josepha. Dada, nilikuwa nimeishi na yule mtu tangu kabla kambi haijafungwa. Nyinyi mlipopanda magari kurudi nyumbani mimi nilibaki kwa ajili yake, nikiwa na mimba ya Tharsisi, na mama akanilaani pale pale kwenye foleni. Halafu mbele ya padri na mtaa mzima ninasikia mjane ni mmoja. Tharsisi aliniuliza kama baba yake ni huyu aliye kwenye jeneza au ni mwingine. Nilimwambia anyamaze.

Baada ya arobaini nilihamia Kibondo na watoto. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyenizuia. Nikapanga chumba, nikaanza kuuza mawese na dagaa sokoni, nikajifunza kutowaza.

Mwezi wa Machi Gasper akanifuata sokoni. Gasper ni mtoto wa kwanza wa Josepha, mwalimu wa sekondari, mtu mpole wa maneno. Alisimama mbele ya madumu yangu kama mteja, akanisalimia kwa heshima, akaniita mama mdogo. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo tangu nimfahamu. Akaniambia kwamba mama yake alifanyiwa upasuaji Mwanza kwa bima yake ya ualimu, goti la kulia lililosagika likatolewa akawekewa la chuma. Upasuaji ulikwenda vizuri. Tatizo ni nyumbani. Madaktari walisema goti la namna hiyo lisipofanyiwa mazoezi kila siku linakakamaa na mtu anakuwa kiwete moja kwa moja. Walishaweka wasichana wawili wa kumhudumia, mmoja akakimbia kwa matusi, wa pili alikuwa kila mgonjwa akiguna anamwachia mguu. Dada zake Gasper wako mbali na wana kazi zao. Mke wake alijaribu wiki moja akasema bora arudi kwao Munanila.

Nikamuuliza kwa nini anadhani mimi nitaweza. Akasema kwa sababu mimi nilimuuguza baba yake mpaka mwisho, na wote waliona.

Kwa hiyo waliona. Nikaendelea kufuta dumu lililokuwa safi tayari. Ndipo akasema neno lililonikamata. Kwamba mama yake akisimama na kutembea, yeye Gasper ataitisha kikao cha ukoo kule Rungwe Mpya, na watoto wangu watatambuliwa kama watoto wa Benedicto na kukatiwa sehemu yao ya shamba. Akaapa. Dada, unajua mimi hapa nchini sina karatasi ya maana, na wanangu hawana babu wala mjomba wa kuwasemea. Baba yao ndiye alikuwa kitambulisho chetu. Nilikubali kabla hajamaliza kuapa.

Nilifika Kasulu na watoto wangu na begi moja. Josepha alikuwa amelazwa kwenye chumba cha mbele, mguu umenyooshwa juu ya mto, umevimba kama gogo, kidonda kimepita katikati ya goti kutoka juu mpaka chini. Alinitazama, akamtazama mwanawe, akamuuliza kwa Kiha kama watu wamekwisha Kasulu nzima. Gasper akasema ndiyo mama, wamekwisha. Josepha akageukia ukutani. Huo ndio ulikuwa ukaribisho wangu.

Sitakuchosha na habari za kumwogesha na kumpeleka chooni. Wewe umemuuguza mama, unazijua. Nitakwambia tu kwamba choo chao ni cha kuchuchumaa, na mtu wa goti jipya hawezi kuchuchumaa, ikabidi fundi achonge kiti cha mbao chenye tundu. Mimi ndiye niliyemshusha juu ya kile kiti na kumwinua, amenikumbatia shingoni, uso wake kwenye uso wangu. Mwanamke aliyekuwa akipita upande wa pili wa barabara akiniona. Kwenye kukumbatiana huko hatukusemeshana.

Daktari wa mazoezi ni binti wa Kikurya anaitwa Ghati, amepangiwa kazi Kasulu na hajazoea baridi yetu, anakuja na sweta hata mchana. Alikuwa akija nyumbani mara moja kwa wiki, siku nyingine zote zilikuwa zangu. Alinifundisha kuweka taulo lililokunjwa chini ya kisigino ili goti linyooke, na nisithubutu kuuweka mto chini ya goti hata mgonjwa akiomba, maana ndipo linapogandia. Alinifundisha kumlaza chali na kukivuta kisigino kuelekea makalio mpaka goti likunjike, nilishikilie hapo, kisha niliachie taratibu. Alinifundisha kumkalisha ukingoni mwa kitanda na kuusukuma mguu nyuma. Baada ya hapo barafu, iliyofungwa kwenye kipande cha khanga. Akanisisitizia kwamba dawa ya maumivu itangulie, tungoje ifanye kazi, ndipo tuanze kukunja. Akasema pia kwamba nitakapomkunja ataumia, na nisiogope, kwa sababu goti hili asiyetaka kuliumiza hawezi kuliponya.

Sidhani kama yule binti alijua anamwambia nani maneno hayo.

Sasa nisikilize, dada, maana hili hata padri sijamwambia. Siku za kwanza nilifanya kama nilivyofundishwa. Lakini ule mguu ukiwa mikononi mwangu, mzito, wa moto, na yeye ameangalia ukuta kana kwamba ni ukuta unaomhudumia, hasira ilikuwa inanipanda. Asubuhi moja niliiweka dawa kwenye kisosi, nikaweka na glasi ya maji pembeni, halafu nikaanza kukunja kabla hajaimeza. Nilimsikia anavuta pumzi. Aliuma pindo la khanga yake, mishipa ya shingo ikasimama, lakini sauti haikutoka. Nikakunja zaidi. Nikashikilia. Nikawa nasema moyoni kila jambo alilonifanyia, moja baada ya jingine, na mpaka niyamalize ndipo niliachie. Halafu nikampa dawa yake na maji, nikamwambia pole Mama Gasper, kwa sauti ya nesi.

Haikuwa siku moja. Siku nilizoamka na amani nilimpa dawa kwanza. Siku nilizoamka na Benedicto kichwani, au nilipomwona Tharsisi amesimama mbele ya picha ya baba yake pale sebuleni, picha ambayo sisi hatumo, siku hizo kisosi kilingoja.

Na unajua kilichotokea? Akapona. Goti lililowashinda wasichana wa huruma, mikononi mwangu lilikunjika kuliko alivyotegemea yeyote. Ghati alikuja na kile kipimo chake cha kupimia goti limefika wapi, akapima, akapima tena, akasema hata waliolazwa Mwanza hawafiki hapa kwa muda huu. Akaniuliza siri yangu ni nini. Nikasema ni kumwomba Mungu. Josepha alikuwa amelala pale pale anatusikiliza, na kwa mara ya kwanza nikamwona anataka kucheka.

Wakati huo watoto walikuwa wanasoma shule ya jirani, na jioni wanakuwa pale nyumbani. Mwanzoni niliwaficha chumba cha nyuma wasimsumbue. Lakini Winifrida unamjua, hafichiki. Akawa anaingia kumtazama mgonjwa, anakaa miguuni pake, wanasuka ukili pamoja. Josepha akamfundisha kuanza mkeka. Tharsisi naye akawa anamsomea Injili ya siku kwa sababu miwani yake ilivunjika. Wakawa wanamwita mama mkubwa bila mimi kuwaambia. Nilifurahi, dada. Nilijiambia kwamba huo ni mwanzo, hata kikao kitakuwa chepesi.

Tuligombana mara moja tu, kama kule kunaweza kuitwa kugombana. Ilikuwa baada ya misa ya kumwombea Benedicto. Wengine walikwenda kanisani, sisi wawili tukabaki kwa sababu ya mguu. Nilikuwa nimemkunja, kisosi kimejaa, na mdomo ukanitoka. Nikamuuliza ni nani aliyeandika kwamba mjane ni mmoja.

Akasema, “Mimi. Bazilio alitaka kuwataja nyote, nikamkatalia.”

Nikaendelea kushikilia lile goti pale pale lilipokuwa. Nikamuuliza kwa nini. Jasho lilikuwa linamshuka. Kisha akasema kwamba tangu mimi nilipoingia, kila Jumapili wanawake wenzake walikuwa wakimuuliza mzee yuko wapi, na walikuwa wanajua yuko wapi. Kwamba alimzoea Benedicto kama mtu anayekuja kubadilisha shati. Kwamba siku ile ya maziko Benedicto alikuwa ndani ya nyumba yake yeye Josepha, hakuna pa kwenda tena, na yeye akataka angalau siku hiyo moja awe wake peke yake. “Ungekuwa wewe,” akasema, “ungefanya nini?”

Nilitaka kuliachia goti, naye akasema nisiliachie, bado. Kisha akaniambia, bila kuinua sauti, kwamba habari ya dawa anaijua tangu asubuhi ya kwanza. Siku nyingine ninamtibu na siku nyingine ninamlipa, na anazitofautisha kabla hata sijamgusa, kwa jinsi ninavyoingia mlangoni. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Gasper. Akasema, “Ningemwambia, angekuondoa. Halafu angeniletea mwingine wa kunionea huruma, nibaki na mguu kama mchi. Mimi nataka kutembea.”

Nikaliachia goti taratibu kama Ghati alivyonifundisha. Nikaenda uani nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Tangu siku hiyo dawa ilitangulia kila asubuhi, na usinisifu kwa hilo. Si kwamba nilimsamehe. Ni kwamba alikuwa ameninyang'anya hata ile raha ndogo. Nilidhani ninamwadhibu, kumbe alikuwa ananitumia.

Basi akasimama. Kwanza kwa kile kiegemeo cha chuma chenye miguu minne, mimi nyuma yake nimeshika kiuno. Kisha kwa gongo, kisha kwa fimbo tu. Nilimfundisha kupanda ngazi akitanguliza mguu mzima na kushuka akitanguliza ule wa chuma, tukawa tunapanda na kushuka ngazi za baraza kama watoto, majirani wakichungulia. Mwezi wa Agosti alikwenda kanisani kwa miguu yake. Watu walimzunguka mlangoni wakimpongeza Gasper kwa kuwa mtoto mwema, na Gasper akamshukuru Mungu na madaktari wa Mwanza. Mimi nilikuwa nimebeba fimbo na kiti cha kukunja. Mama mmoja aliniuliza kama mimi ni mfanyakazi wao mpya. Nikasema ndiyo.

Kikao kilifanyika Rungwe Mpya mwishoni mwa kiangazi, shambani kwenyewe, watu wamekaa kwenye mikeka karibu na migomba. Nilimkuta Bazilio na wazee wengine wa ukoo, na Gasper, na shemeji zake. Gasper alianza vizuri, akazungumza habari za umoja wa familia. Lakini alipofika kwenye watoto wangu sauti yake ikaanza kutafuta njia ya pembeni. Akasema jambo hili ni zuri ila linahitaji muda. Akasema ile sehemu ya bondeni imeshapandwa miti. Bazilio akaongeza kwamba hana ubaya na mtu, lakini tunajua sheria za siku hizi, na mama wa watoto hawa ni mtu wa kambini, kesho na keshokutwa anaweza kuvuka na watoto na shamba likabaki na maneno. Wengine wakaitikia. Nilimtazama Gasper, akawa anaangalia simu yake. Nikajua nimetapeliwa, na nikajua hakuna mahali pa kwenda kusema.

Ndipo Josepha akainuka. Hakuomba mkono wa mtu. Alishika fimbo, akatoka mkekani, akaanza kutembea ndani ya shamba. Watu wote tukamfuata kwa sababu hatukujua la kufanya. Alitembea kwenye matuta, mahali ambapo hata mtu wa magoti mazima hujikwaa, kutoka kwenye migomba mpaka kwenye kijito, akageuka, akapandisha mpaka kwenye mkahawa wa zamani uliopandwa na mkwewe. Mimi nilikuwa naliangalia lile goti tu. Lilikuwa linakunjika vizuri. Alipofika akasema, “Kuanzia kijitoni mpaka hapa ni kwa watoto wa Benedicto, Tharsisi na Winifrida. Nimesema mimi niliyeolewa hapa. Mwenye neno aseme nikiwa nimesimama.”

Hakuna aliyesema. Bazilio alivua kofia. Dada, nilianguka kwenye udongo nikalia, na sijali nani aliniona. Nilitaka kwenda kumshika miguu.

Lakini alikuwa hajamaliza. Alingoja nikanyamaza, kisha akaendelea na sauti ile ile. Akasema kwamba shamba la ukoo halipewi mtoto anayekula na kulala kwa watu wengine, ambaye ukoo haumjui sura. Watoto wa nyumba hii wanakaa nyumba hii. Watasoma Kasulu, Gasper atawasimamia, na yeye mwenyewe atawalea kwa kuwa sasa ana miguu. Kuhusu mama yao, akasema, hana la kusema. Yeye ni mtu mzima, ana biashara yake Kibondo, akitaka kuja kuwaona mlango uko wazi.

Wazee wakaitikia haraka mno. Gasper akaweka simu mfukoni. Kwa jinsi walivyoitikia nilielewa kwamba maneno yale hayakuwa mapya kwa yeyote pale isipokuwa kwangu, na kwamba hofu ya Bazilio ilikuwa imeshatafutiwa dawa kabla sijafika: niende ninakotaka, ila watoto wasiende nami. Wakaniuliza kama nakubali. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye udongo ambao sasa ulikuwa wa wanangu, na nilikuwa nimeutafuta udongo huo miezi yote ile kwa mikono yangu miwili. Nikikataa, watoto wanarudi na mimi kwenye chumba cha kupanga, wasio na baba, wasio na shamba, wasio na nchi ya kuonyesha. Nikasema nakubali.

Hivyo ndivyo ilivyo, dada. Kila uliponipigia na kuniuliza wanao hawajambo nikakujibu hawajambo, nilikuwa nakujibu kwa habari nilizopewa na wengine. Watoto hawapo hapa. Wako Kasulu kwa Josepha tangu mwezi wa Septemba. Nilimtengeneza mguu, nao ukaenda ukanichukulia wanangu, na kila mtu pale aliona ni haki, na hata mimi siku nyingine naona ni haki, na siku nyingine nalala na khanga mdomoni.

Siku niliyoondoka, Tharsisi alinisindikiza stendi na begi langu. Alikuwa anazungumza habari za mbuzi watakaofugwa kule shambani, na ni nani atakuwa mkubwa wao. Sikumwona akilia na sikutaka alie. Winifrida hakutoka. Baadaye nilisikia alijificha nyuma ya tangi la maji mpaka giza, na Josepha ndiye aliyekwenda kumtoa, akachuchumaa kwa lile goti jipya, jambo ambalo Ghati alikuwa amemkataza. Sijui nichukie au nishukuru kwa hilo.

Nimekwenda kuwaona mara chache. Nikifika ninakaribishwa sebuleni, ninaletewa soda na kitambaa, kama mgeni wa heshima. Winifrida hukaa karibu nami, ila akihitaji kitu humwita mwingine. Amemaliza mkeka wake wa kwanza. Alinionyesha, nikausifu, akaukunja akaurudisha chumbani kwa mama mkubwa.

Na sasa jambo la mwisho, ndilo lililonifanya nikuandikie. Wiki iliyopita Josepha alinipigia simu, mwenyewe, si kwa mdomo wa Gasper. Hakuzunguka. Akasema goti la kushoto nalo limekwisha, madaktari wanataka kulibadilisha mwezi wa pili, na amewaambia wanawe kwamba hakuna atakayemshika mguu isipokuwa mimi, na kama sitakuja hapasuliwi. Nikamuuliza anawezaje kunitaka mimi baada ya yote. Akasema wengine wote wanamwogopa au wanampenda, na hao wote hawawezi kazi hii. Kisha akasema watoto watafurahi.

Nimekubali, dada. Usinipigie kunigombeza, nimeshakubali. Sikukubali kwa sababu yake. Ghati anasema goti linataka miezi mitatu ya mtu wa karibu, na miezi hiyo mitatu nitaamka nyumba moja na wanangu, nitawachemshia uji, nitawasikia wakigombania sabuni. Nitamkunja goti polepole safari hii. Daktari akisema amepona mapema, nitasema bado. Hivyo ndivyo nilivyofikia, mdogo wako uliyembeba mgongoni kutoka Burundi. Ninaomba ugonjwa wa mtu uchelewe.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na Nsabimana umpe chakula kabla hajarudi, maana njia ni ndefu. Mama akikuuliza kuhusu wajukuu wake, mwambie wako shule, wamenenepa, na wana shamba lenye kijito. Yote ni kweli. Asipouliza kuhusu mimi, usimwambie kitu.

Ni mimi mdogo wako,
Jeanne